Ofisi ya pamoja inapougua: dalili, chanzo na dawa

Simu ninazopigiwa na watu walioanzisha ofisi za pamoja, zile ambazo watu wa kazi mbalimbali hulipia meza chini ya paa moja, hufanana. "Kaka, wateja hawaji, nimeshusha bei na bado hawaji." "Nimebadilisha kampuni ya intaneti mara 2 mwaka huu, malalamiko yako palepale." Mara nyingi anayepiga ameshatumia fedha kabla hajajua anaumwa wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, kama wanavyofanya zahanati: eleza unachokiona, tutafute chanzo, ndipo tuzungumzie dawa. Nimemwandikia zaidi mtu wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha au Dodoma mwenye meza kati ya 15 na 40 kwenye nyumba ya kupanga. Wa Nairobi na Mombasa naye atajiona humu, ila penye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, asome tokeni.

Meza ziko tupu

Dalili hii ina magonjwa matatu nyuma yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Kabla ya kugusa bei, weka daftari mlangoni kwa mwezi mzima. Kila anayeingia aandikwe amekuja lini, alisikia wapi habari zenu, na alirudi lini. Mwisho wa mwezi soma kurasa hizo taratibu.

Kama kurasa ni nyeupe, yaani hakuna anayekuja hata kuchungulia, basi hamjulikani. Hilo lisikuvunje moyo. Brad Neuberg, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huu wa kazi, alifungua meza zake San Francisco tarehe 9 Agosti 2005, kwa siku 2 tu za wiki, na mwezi mzima wa mwanzo hakuna aliyetokea. Watu walipatikana baadaye, mmoja mmoja. Kwetu watu unaowatafuta unawajua walipo: wako kwenye migahawa yenye Wi-Fi, soda moja kwa muda wa saa 4, wako vibarazani kwao wakiongea na mteja wa nje huku jogoo wa jirani akiwika. Wafuate huko. Chagua watu 5, waalike kwa majina, wape wiki 2 bure, lakini wote waje siku zilezile, tuseme Jumanne na Alhamisi. Hilo la siku zilezile ndilo wengi wanalikosa. Mtu akikaa peke yake kwenye chumba cha meza 24 anajihisi amekosea mlango. Watu 5 kwenye meza mbili zilizosogezwa pamoja tayari ni ofisi.

Kama daftari limejaa majina lakini ile safu ya "alirudi lini" haina kitu, ugonjwa ni mwingine kabisa, na huu ndio ninaoukuta kuliko yote.

Niliwahi kukaa pembeni nikautazama ukitokea. Kijana kafika saa 3 asubuhi, begi mgongoni. Kasimama mlangoni. Ndani walikuwepo watu 9, karibu wote na spika za masikioni. Wawili wakainua macho, wakarudi kwenye kioo. Mhudumu alikuwa katumwa nje. Kijana kakaa meza ya karibu na choo, ile ambayo wenyeji wote wanaijua na kuikwepa. Neno la siri la Wi-Fi hakuwa nalo, na aibu ikamzuia kuuliza. Akawasha hotspoti ya simu yake, akala bando lake mwenyewe. Chupa ya chai ilikuwa hatua 6 kutoka alipo. Hakujua kama ni ya kununua au ni ya wote, akaiacha. Saa 7 mchana kafunga laptopu na kuondoka, na sidhani kama kuna aliyejua kuwa ameondoka. Alipopigiwa simu wiki iliyofuata kuulizwa mbona kimya, alijibu kwa upole: "Bei yenu iko juu kidogo, kaka, ngoja nijipange."

Bei haikuwa na kosa. Mtu wetu hawezi kukwambia "nilikuja kwenu na hakuna aliyenisalimia", adabu haimruhusu. Bei ni udhuru usiomwumiza mtu. Ofisi nyingi zimeamini udhuru huo, zikashusha ada mara ya kwanza na ya pili, hadi pango likazishinda, na mlangoni bado hakukuwa na mtu wa kusema karibu.

Dawa yake ni mwenyeji. Awe mtu mmoja anayejulikana, na saa ya kwanza ya mgeni iwe mikononi mwake. Amsalimie, amwandikie neno la siri kwenye karatasi, amwoneshe choo, chai na mahali pa kuswali, amweleze nini kinalipiwa na nini ni cha wote. Kisha amtambulishe kwa watu 2, kwa jina na kazi: "Huyu dada yetu anashughulika na hesabu za maduka, na huyu anachora ramani za nyumba, mwenzenu anatengeneza tovuti." Dakika 10 zinatosha. Kesho yake amwite kwa jina. iHub, ofisi ya pamoja ya watu wa teknolojia Nairobi, ilipofunguliwa Ngong Road Machi 2010, tangu mwanzo ilikuwa na meneja ambaye jamii ya wanachama ndiyo ilikuwa kazi yake, na pembeni kulikuwa na sehemu ya kahawa ambako watu walisimama na kuongea. Meza na intaneti zilikuwepo, lakini watu walioziunganisha kazi zao pale walianza kwa kujuana majina.

Ugonjwa wa tatu: watu wanakaa miezi 3 au 4, wanaridhika, kisha wanaaga. Huyo aidha amekua au amepungukiwa. Aliyekua ameajiri vijana wawili na anahitaji chumba cha kufunga. Kama huna chumba kidogo cha watu 2 hadi 4, utakuwa unalea wateja wa ofisi za jirani. Aliyepungukiwa, mkataba wake umekwisha na anaona haya kusema. Mpe kifurushi kidogo, siku 5 kwa mwezi, abaki ndani ya mlango. Akipata kazi nyingine atapanda tena.

Meza zimejaa, mfuko mtupu

Hapa tuweke hesabu mezani. Chukua mfano wa ofisi ya meza 24, kwa mwezi:

Pango shilingi 2,000,000. Umeme, maji na mafuta ya jenereta 500,000. Intaneti, laini mbili, 350,000. Mhudumu na usafi 650,000. Chai, karatasi za choo, taa zilizoungua, kitasa kilichovunjika, 250,000. Jumla 3,750,000.

Ada ni 150,000 kwa meza. Ukijaza meza zote 24 unapata 3,600,000. Umejaza nyumba na bado umepungukiwa 150,000, na wewe mwenyewe hujajilipa hata nauli. Nimekutana na hesabu za sura hii mara nyingi, zikiwa na namba zao. Mwenye ofisi huamini tatizo ni wateja wachache, kumbe hata wateja wakifika mwisho wa uwezo wa chumba, hesabu haijibu.

Chanzo ni kuuza meza kana kwamba ni viti vya daladala, kimoja mtu mmoja. Wanachama wa ofisi ya pamoja hawaji wote siku moja. Kuna anayekwenda kwa wateja, kuna anayeuguza, kuna wa Jumatatu na Ijumaa tu. Kila siku saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, mhudumu ahesabu vichwa na kuandika. Baada ya mwezi utaona. Kama wanachama 28 wanalipa na siku iliyojaa kuliko zote walikaa 17, una nafasi ya kuandikisha wengine wasio na meza ya kudumu. Siku mtakapofika 22 kati ya 24, simama hapo. Mwanachama aliyelipa akikosa pa kukaa hata mara moja, atawasimulia watu 10.

Kitu kinachosahaulika zaidi ni chumba cha mikutano. Kina mteja ambaye si mwanachama: kampuni inayosaili waombaji kazi, mwalimu wa kozi fupi, kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kinachotaka mahali patulivu Jumamosi, shirika lenye warsha ya siku 1. Huyu analipa kwa saa, hakai kwenye meza zako, na anakuja siku ambazo wenyeji wako wamelala nyumbani. Weka bei ukutani, weka kalenda moja tu ya kuwekea nafasi, na dai nusu ya malipo mapema.

Kisha kuna ugonjwa wa muda. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6, pengine mwaka. Wanachama wanalipa kwa mwezi, wageni kwa siku. Fedha inaingia kwa matone na kutoka kwa ndoo. WeWork, kampuni ya ofisi za pamoja iliyoanzishwa New York mwaka 2010 na kuenea nchi nyingi, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Novemba 2023, na kidonda kikubwa kilikuwa hichohicho: mikataba mirefu ya pango juu yake, mikataba mifupi ya wateja chini yake. Tiba ninayoifahamu ni mbili. Fungua akaunti ya pembeni, na kila Ijumaa, kabla ya kulipa kitu kingine chochote, hamishia humo robo ya kodi ya mwezi. Na unapozungumza na mwenye nyumba, hasa kama jengo lake limekaa tupu, pigania miezi 3 hata kama kodi ya mwezi itapanda kidogo. Unanunua pumzi.

Katika mazungumzo hayo taja pia kodi ya zuio. Sheria ya Tanzania inamtaka mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA, mamlaka ya mapato. Mwenye nyumba akisema "mimi nataka milioni 2 mkononi", maana yake hiyo asilimia 10 unaibeba wewe juu yake. Iandikwe kwenye mkataba kabla hujapaka rangi ukuta wa kwanza.

Na kama ofisi yako inaishi kwa mfadhili, fanya hesabu ya siku mradi utakapokwisha, leo. Kituo cha Buni, cha kulea wabunifu wa teknolojia, pale COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kijitonyama, kilizaliwa ndani ya ushirikiano wa Tanzania na Finland kikiwa na taasisi ya serikali mgongoni. Wewe mgongo huo huna.

Intaneti inakufa saa 5 asubuhi

Usipigie kampuni simu bado. Chukua laptopu, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye rauta, upime kasi. Fanya hivyo saa 1 asubuhi kabla watu hawajaja, kisha saa 5 wakiwa wamejaa.

Kwa waya ni safi nyakati zote mbili, ila kwa Wi-Fi ni mateso: tatizo liko ndani ya chumba chako. Rauta imefichwa kwenye kabati la chuma au nyuma ya ukuta wa tofali, au chaneli, yaani njia ya mawimbi ya Wi-Fi yako, imegongana na za majirani. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Programu ya bure kwenye simu itakuonesha jirani wako amekalia ipi. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi lakini haipendi kuta, kwa hiyo chumba kirefu kinahitaji vituo viwili vya Wi-Fi vilivyofungwa juu, vikiunganishwa kwa waya. Vile vifaa vya kurudufu mawimbi vinavyochomekwa ukutani mara nyingi hupunguza kasi, kwa kuwa vinapokea na kurusha kwa masafa yaleyale.

Kwa waya ni safi asubuhi na ni mbaya saa 5: bomba limejaa. Hapa angalia zaidi kasi ya kupandisha (kutuma) kuliko ya kushusha (kupokea). Simu ya video yenye picha safi inataka kati ya megabiti 1 na 4 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Watu 8 wakiwa kwenye vikao vya video, na mmoja anapandisha video ya harusi ya gigabaiti 20, kifurushi chenye kasi kubwa ya kushusha na ndogo ya kupandisha kinasimama. Weka kikomo cha kasi kwa kila kifaa kwenye rauta, na mwombe yule wa video apandishe usiku. Akieleweshwa vizuri hakatai.

Kuna dalili ya tatu inayochanganya watu: waliowahi wanapata intaneti bila shida, wanaochelewa simu zao zinaonesha mawimbi yamejaa lakini hazifungui kitu. Hapo anwani, zile namba ambazo rauta hukipa kila kifaa ili kipate intaneti, zimekwisha. Rauta nyingi za nyumbani zimepangwa kugawa anwani 100 hadi 250 hivi, na kila anwani hushikiliwa kwa saa 24 hata kama mwenyewe ameshaondoka. Jana ulikuwa na warsha ya watu 60, kila mmoja na simu na laptopu. Leo wanachama wako wanalipia wageni wa jana. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, punguza muda wa kushikilia anwani uwe saa 2, na panua idadi. Ni kazi ya dakika 5, na nimeona mtu akivunja mkataba na kampuni ya intaneti kwa sababu yake.

Laini ya akiba ni lazima, lakini uliza inapita wapi. Kampuni mbili zinaweza kuwa na nguzo moja, au mkongo mmoja baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika siku moja katika bahari ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku kama ile, laini mbili zinazotegemea njia hiyo zinanyamaza pamoja. Kinachowaokoa watu ni laini ya tatu ya aina nyingine, hata ya setilaiti au ya kampuni ya simu inayopita nchi kavu, na zaidi ya hapo ni ujumbe wa mapema kwenye kundi la WhatsApp: "Leo intaneti ni dhaifu nchi nzima, wenye vikao vya video msije bado." Mwanachama anasamehe mkongo kukatika. Nauli aliyotumia bure haisamehi haraka.

Umeme ukikatika, wote wanasimama

Chunguza kinachozimika kwanza. Kama ni rauta, kosa ni dogo: rauta na swichi yake hazifiki hata wati 40 pamoja, UPS (betri ya akiba) ya kawaida itazibeba kwa muda mzuri, na laptopu zina betri zake. Watu wataendelea kufanya kazi gizani bila hata kugundua.

Kama inveta yako inapiga kelele na kuzima baada ya dakika 20, tafuta kiyoyozi. Laptopu inayochaji hula wati 45 hadi 65. Kiyoyozi cha nguvu farasi 1.5 hula wati 1,200 hadi 1,500. Yaani kiyoyozi kimoja ni sawa na karibu wote waliokaa mbele yake. Fundi atenganishe njia: taa, rauta, feni na soketi za laptopu ziende kwenye inveta, kiyoyozi, birika na mashine ya kuchapia vibaki kwenye LUKU peke yake. Na ununuzi wa LUKU usiachiwe mtu anayekumbuka kengele ikilia. Weka kiwango, tuseme uniti 50, ambacho mita ikikifikia mtu mmoja anayejulikana ananunua.

Kelele

Malalamiko ya kelele ni karibu kila mara malalamiko ya simu. Sauti ya watu kumi wakiongea pamoja inavumilika, inakuwa kama mvua kwenye bati. Mtu mmoja anayejadiliana na mteja wake kuhusu ankara, unasikia upande mmoja tu wa mazungumzo na akili inalazimika kutunga upande wa pili. Hapo kazi imekwisha.

Bango la "KIMYA TAFADHALI" halitibu, kwa sababu mtu hana pa kwenda na simu yake. Mpe pa kwenda. Vibanda viwili vya simu vya mbao, mita 1 kwa mita 1 na kitu, kuta za ndani zikiwa na godoro jembamba lililofunikwa kitambaa, na tundu la hewa juu lenye feni ndogo. Usisahau hiyo feni; kibanda kisicho na hewa mwezi wa Februari Dar hakuna atakayekikalia zaidi ya dakika 4. Kisha gawa chumba: upande wa dirishani ni wa kuongea, upande wa ndani ni wa kunyamaza. Anayekosea aambiwe na mwenyeji, pembeni, kwa sauti ya chini: "Kaka, simu ikiwa ndefu kibanda kile kiko wazi." Ukiwaachia wanachama wanyamazishane wenyewe, utakuwa na kambi mbili kabla ya Ramadhani.

Watu wanalipa, wanakaa, na hawajuani

Ofisi inaonekana nzima. Ada zinaingia, intaneti iko sawa. Lakini sikiliza: saa 4 nzima hakuna aliyecheka. Hii ninaiogopa kuliko meza tupu, maana mtu asiyejuana na yeyote anakuhama kwa tofauti ya shilingi 10,000.

Dawa ya kwanza ambayo wengi hukimbilia ni matukio: msemaji, projekta, bango, viti 50, wanakuja 11. Wanaofika ni wa nje. Wanachama wenyewe wameenda nyumbani kuwahi foleni. Ninaomba uanzie kwenye kitu kidogo kinachorudiwa. Chai ya saa 4, kila siku, dakika 15, mezani na si kwenye dawati la mtu. Chapati zikate vipande, zisiwe nzima nzima, ili mtu asimame na mwenzake badala ya kubeba sahani yake kwenda zake. Jumatatu kila mmoja aseme jambo moja analolikamilisha wiki hii na jambo moja limemkwama. Ni hilo la kukwama linalofanya kazi. "Nimekwama na mashine ya EFD", ile ya risiti za kodi, akasema mmoja asubuhi moja, na kumbe watu 4 kwenye meza ileile walikuwa na shida hiyo na mmoja alikuwa mhasibu. Wakasogeza viti. Tangu siku hiyo wale watano wanajuana mpaka misibani.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ofisini jembe ni kazi ndogo ya wote: kufungua madirisha asubuhi, kusimamia rafu ya vitabu, kumwonesha mgeni mpya mashine ya kuchapia inavyokasirika. Mwanachama mwenye jembe haulizi tena "ofisi yenu mnafungua saa ngapi?" Anasema "tunafungua".

Ada zinachelewa

Tazama kwanza kama wanaochelewa ni wote au ni walewale 3. Kama ni wote, tarehe yako ni mbaya: unadai tarehe 1 wakati wateja wao wanalipa tarehe 10. Sogeza tarehe. Weka namba ya malipo ya simu yenye jina la biashara, si namba yako binafsi, na ujumbe wa kukumbusha utoke siku 3 kabla, kwa lugha ileile kwa kila mtu.

Kama ni walewale 3, kaa nao mmoja mmoja, faraghani. Kutaja majina ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp kutakulipa ada moja na kukupotezea watu 5 walioshuhudia. Kubaliana tarehe, andika, na ikipita, funga nafasi ya meza bila maneno. Sheria ikiwa haimhusu rafiki yako wa shule, haitamhusu yeyote.

Akina dada wanapungua

Hesabu. Kama mwaka jana theluthi ya wanachama walikuwa wanawake na sasa wamebaki 2, usisubiri malalamiko, hayatakuja. Muulize mmoja aliyeondoka, na anayeuliza awe mwanamke. Majibu niliyopata ni ya kawaida na yanatibika: choo kimoja cha wote kisicho na komeo wala pipa, taa ya ngazi iliyoungua tangu Idi, mwanachama fulani anayevuta kiti karibu na kila binti mgeni na kuomba namba. La choo na la taa lifanye wiki hii. La huyo mwanachama lifanye leo. Mwite, mweleze alichofanya bila kuzunguka, na akirudia rudisha fedha zake za siku zilizobaki na umwambie kwaheri. Najua analipa kwa wakati na pengine ndiye mwenye chumba kikubwa. Kila mwezi anaokaa anakugharimu watu ambao hutawahi kujua walitaka kuja.

Mama anayenyonyesha naye anahitaji chumba chenye mlango na kiti. Chumba kidogo cha mikutano kinatosha, kikiandikwa hivyo kwenye kalenda na kisiulizwe maswali.

Mwenye ofisi kachoka

Dalili zake: simu za wanachama unaziangalia zikilia hadi zinakata, vyombo vya chai vimelala, unapanga safari usizohitaji. Chanzo mara nyingi ni kwamba wewe ndiye mwenyeji, mhasibu, fundi na mlinzi, na hakuna anayejua ufunguo wa tenki uko wapi. Andika yote unayoyafanya kwa wiki moja, hata kuamsha mashine ya kuchapia. Orodha ikizidi vitu 40, umejua kinachokula usingizi wako. Gawa vya mikono kwa mhudumu na umwongezee mshahara, gawa vya jamii kwa wanachama wawili na uwapunguzie ada, wewe baki na hesabu na saa ya kwanza ya mgeni. Jipe siku 1 ya wiki usiyokanyaga pale. Ofisi ikishindwa kuishi siku hiyo, umejua pa kurekebisha.

Ikiwa umefanya yote na hesabu bado inakataa miezi 6 mfululizo, funga ukiwa bado na fedha ya kufunga vizuri. Watangazie wanachama wote siku moja, ana kwa ana, siku 60 kabla. Rudisha amana kabla ya kuuza meza, maana fedha ya meza ina tabia ya kupotelea njiani. Mhudumu alipwe haki zake zote. Tafuta ofisi nyingine itakayowapokea wanachama wako kwa pamoja, hata 8 kati yao, wasitawanyike. Na wale waliosajili kampuni zao kwa anwani yako wapigie simu kwanza kabisa, kwa sababu wanahitaji muda wa kuibadilisha BRELA (msajili wa kampuni), TRA na benki, na barua zao zitaendelea kuja kwenye mlango huo baada ya wewe kurudisha funguo.